Kaa Nami Bila Maneno

Ukiishi katika usharika wowote wa pwani hii, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, utenzi wa "Kaa Nami" huujui kwa kuusoma kitabuni. Unaujua kwa tarumbeta. Jeneza limetolewa nyumbani, watu wamejipanga, na vijana wa bendi wamenyanyua vyombo vyao. Hakuna anayeimba. Kina mama wanalia, wazee wa kanisa wanaelekeza magari, na matarumbeta ndiyo yanayosema kwa niaba yetu sote. Wimbo ukiisha tunakwenda kuzika.

Nataka tuutazame wimbo huo kwa makini, kama tunavyotafakari mahubiri tukiwa njiani kurudi nyumbani: umesema nini, umesemaje, na je, tumeusikia? Nitazungumzia tuni peke yake, inavyopigwa bila mwimbaji, kwa maana ndivyo tunavyoisikia mara nyingi. Na mwishoni nitasema jambo ambalo baadhi ya wapendwa huenda wasilipende: kwamba wimbo huu tunampigia mtu ambaye hana haja tena ya kuuomba, na yule anayeuhitaji tunamnyima.

Tuanze na asili yake. Maneno ni ya Henry Francis Lyte, mchungaji wa Brixham, mji wa wavuvi kusini-magharibi mwa Uingereza. Alisumbuliwa na ugonjwa wa kifua kwa miaka mingi. Mwaka 1847 aliuaga usharika wake, akasafiri kwenda kusini mwa Ulaya kutafuta hewa ya joto, na huko Nice akafariki tarehe 20 Novemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 54. Utenzi wake unahusishwa na miezi hiyo ya mwisho. Tuni tunayoipiga sisi ni ya mtu mwingine, William Henry Monk, na ilitoka mwaka 1861 katika kitabu cha nyimbo cha Kianglikana ambacho yeye alikuwa mhariri wake wa muziki. Kwa hiyo mwenye maneno hakuwahi kuisikia tuni hii. Miaka 14 baada ya mgonjwa kuomba, mtu mwingine alikaa akaisikiliza sala yake na kuitafutia sauti.

Sala yenyewe imetoka katika Luka 24. Wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau, wamevunjika moyo, na mgeni anaungana nao njiani. Jioni inapoingia anafanya kana kwamba anaendelea na safari, nao wanamsihi asiwapite, akae nao kwa kuwa jua limekuchwa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na pale mezani ndivyo ilivyokuwa: mgeni ndiye aliyeumega mkate. Lyte aliichukua jioni ya Emau akaifanya jioni ya maisha ya mtu. Mwombaji haombi arudishiwe asubuhi. Anaomba asiachwe peke yake usiku unapoingia.

Sasa tusikilize tuni. Wanakwaya wataniwia radhi nikitumia solfa, na wasiojua solfa wamwombe mwanakwaya aliye jirani awaimbie taratibu.

Jambo la kwanza ni udogo wake. Hesabu sauti zilizomo: do, re, mi, fa, so, la. Pamoja nazo iko fi moja, nitakayoieleza. Basi. Tuni haifiki ti, wala haigusi do ya juu. Nyimbo nyingi tunazozipenda hupanda mpaka soprano wasimamie vidole, lakini hii haimdai mtu pumzi asiyokuwa nayo. Mzee wa miaka 80 aliyebaki na nusu ya sauti yake anaweza kuiimba yote. Anayesema kwamba muziki huu ni rahisi kupita kiasi ajiulize umepimwa kwa kifua cha nani.

Mstari wa kwanza unaanza na mi ndefu, kisha mi, re, do. Mara tu tumeanza, tumeshuka hadi chini kabisa, kama mtu aliyeketi ghafla kwa uchovu. Kutoka hapo tuni inaruka hadi so, inagusa la, halafu inarudi polepole hadi mi ilikoanzia. Mruko huo wa do hadi so ndio mkubwa kuliko yote katika wimbo mzima. Hapo nasikia mtu akiinua uso kumtazama aliyesimama mlangoni.

Mstari wa pili unaanza tena na mi, unapanda hadi la, unashuka, na karibu na mwisho unatuletea ile fi: fa iliyopandishwa nusu hatua, ikitupeleka so. Ni sauti pekee ambayo si ya nyumbani, na kwa muda mfupi inatufanya tujione tuko mahali pengine. Nimesikia bendi zetu mara nyingi zikiipiga kama fa ya kawaida, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa kidole kimezoea. Kosa hilo ni dogo kwa sikio na kubwa kwa maana, kwa sababu ukiondoa fi, giza la jioni halijaingia. Mtu anaomba mwenzake akae naye, nasi hatuoni kwa nini anaomba.

Mstari wa tatu unaanza sawasawa na wa kwanza: mi, mi, re, do, kisha so. Unadhani utarudi nyumbani kama mwanzo, lakini haurudi. Unashuka na kuishia re, na re ni sauti ya kuning'inia. Hakuna wimbo unaotulia juu ya re. Ukitazama maneno, ndipo mwombaji anaposema kwamba wasaidizi wengine wote wamekwisha. Anayepiga tarumbeta bila maneno hana haja ya kutueleza. Ametuacha juu ya re, tunaelewa.

Halafu mstari wa nne. Mitatu ya kwanza yote ilianza na mi. Huu unaanza na re, ile ile tuliyoachwa juu yake. Tuni haikututoa pale na kutuanzishia mahali pengine; imekuja kutuchukua tulipokuwa tumekwama. Inatupandisha hadi fa, inatushusha hadi do, inapanda kidogo mara moja zaidi, kisha fa, mi, re, do. Mwanzoni tulishuka hadi do kisha tukaruka kuomba. Sasa tumeshuka hadi do na tumebaki pale. Sijui mahubiri yaliyoeleza kukubali mapenzi ya Mungu kwa ufupi na kwa ukweli kuliko sauti hizo nne za mwisho. Kukubali si kukata tamaa. Anayekata tamaa hukaa juu ya re. Anayekubali amesindikizwa hadi do.

Mji wetu ungepaswa kulielewa jambo hili kuliko miji mingine. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji na Tabora iliishia hapa, na wapagazi walitua mizigo yao baada ya miezi ya kutembea. Wako wanaosema jina Bagamoyo ni kubwaga moyo kwa mpagazi aliyefika na kupumzika. Wako wanaosema ni kubwaga moyo kwa mtumwa aliyeiona bahari akajua harudi kwao. Neno ni moja. Tofauti ya hao wawili haiko katika umbali waliotembea, bali katika kama kuna anayewapokea mwisho wa njia. Ukimwondoa Yule anayeombwa akae, kubwaga moyo kwa mzee ni kule kwa mtumwa. Akiwapo, ni kule kwa mpagazi.

Hata mwendo wa wimbo tungeweza kujifunza hapa. Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliletwa Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ulibebwa na Susi, Chuma na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Watu waliobeba mwenzao hawakimbii, wala hawajikokoti, maana wakijikokota mzigo utawashinda. Huo ndio mwendo wa "Kaa Nami". Bendi zetu huharibu kwa njia mbili. Ama huvuta kila sauti mpaka pumzi ikatike, wakidhani polepole ndiyo huzuni, ama huingiza ngoma kwenye ubeti wa tatu ili watu wachangamke. Ya kwanza inaufanya wimbo kuwa kilio, ya pili inaufanya kuwa gwaride. Ni wimbo wa mtu anayetembea na mwenzake jioni, na mwendo wake ni wa miguu miwili.

Hapa ndipo nitakapoeleza yaliyotokea, kwa maana yasingetokea nisingeandika insha hii.

Katika usharika wetu alikuwapo mzee aliyeimba besi kwenye kwaya kwa miaka mingi; mimi nilikuwa tena, nikisimama mbele yake na kuisikia sauti yake mgongoni. Alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakampotea, asibaki ila na "ndiyo" na "haya". Tulimtembelea kama ilivyo desturi, tukimsomea Zaburi na kumwombea apone. Kila tulipoomba apone alitutazama tu. Binti yake alimtunza vizuri, na mtu yeyote akigusia mambo ya mwisho alimkatiza: "Msituchurie baba."

Siku moja mwalimu wa bendi alikuja na vijana wanne, tarumbeta mbili, tromboni na tuba, wakauliza kama wanaweza kumpigia mzee nyimbo mbili tatu barazani. Binti akakubali, mradi ziwe za furaha. Wakapiga mbili za furaha. Mzee akasikiliza kwa heshima. Kisha mwalimu, bila kuomba ruhusa, akawapa sauti ya kuanzia "Kaa Nami".

Binti alisimama. "Jamani, hiyo ya msiba!"

Mzee aliinua mkono wake mzima. "Haya," alisema, akiwatazama vijana, si yeye. "Haya."

Walianza kwa nguvu kama walivyozoea makaburini, na mwalimu akawapungia mkono washushe. Mara ya kwanza haikuwa nzuri. Tarumbeta ya kwanza ilikimbia mstari wa nne, na fi ilikuwa fa. Mara ya pili walikuwa wametulia. Kwetu jua halizami baharini. Linazama upande wa bara, kule misafara ilikotoka, na bahari ndiyo inayotangulia kuwa nyeusi. Walikuwa wakipiga giza likija kutoka mbele yao. Nilimwona mzee akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto juu ya paja, na nikafahamu kwamba hafuati tarumbeta. Anafuata tuba, sauti yake ya zamani. Kifua chake kilitoa mngurumo usio na neno. Katika mstari wa nne alikuwa pamoja nao, na alimaliza nao.

Nimefikiri sana kwa nini nyimbo tulizomwimbia kwa maneno hazikufanya hivyo. Tulipoimba, maneno yote yalikuwa yetu, naye hakuwa nayo. Tulikuwa kama watu wanaokula mbele ya mtu asiyeweza kumeza. Tarumbeta iliacha mahali pa maneno wazi. Alikaa hapo na maneno yake mwenyewe, ambayo kiharusi hakikuweza kuyafikia, na sisi hatukuyajua wala hatukuhitaji kuyajua. Hilo ndilo jambo ambalo muziki usio na maneno unalifanya kuliko kwaya, na tunalitumia vibaya tukilifanya pambo la mazishi.

Mara ya tatu ilipoisha tukasikia hodi. Alikuwa jirani, mzee wa Kiislamu ambaye kibaraza chake kinatazamana na cha mzee wetu, amevaa kanzu na kofia, anahema.

"Poleni sana, mwanangu," alimwambia binti. "Imekuwa saa ngapi?"

"Hapana, baba, yuko hai. Huyu hapa."

Jirani alimtazama mwenzake kitini, na mzee akamtazama yeye. "Mimi nimekuja kuzika," alisema jirani, "kumbe wewe unapigiwa ngoma!" Walicheka wote wawili, mzee akicheka kwa upande mmoja wa mdomo mpaka machozi yakamtoka. Kisha jirani akavuta kiti akaketi karibu naye, na hakuondoka mpaka baada ya adhana ya isha.

Tulicheka sote, lakini baadaye kicheko kile kilinisumbua. Jirani hakukosea. Sisi ndio tuliomfundisha. Miaka yote hiyo amesikia tuni hiyo ikitoka nyumba za Wakristo, na kila mara palikuwa na jeneza. Tumeigeuza sala ya mtu aliye hai kuwa tangazo la kifo. Na ajabu ni kwamba yeye, asiyejua neno lake hata moja, alipoambiwa mwenzake yu hai alifanya kile hasa ambacho tuni inaomba. Alikaa naye.

Si yeye wa kwanza kuupokea wimbo huu kutoka nje ya kanisa. Gandhi, aliyekuwa Mhindu, aliupenda sana, na kwa miongo mingi bendi za jeshi la India ziliupiga bila maneno mjini Delhi, jioni ya tarehe 29 Januari, hadi ulipoondolewa katika ratiba mwaka 2022. Uzee na usiku haviulizi dini ya mtu. Sisi tunamjua kwa jina Yule tunayemwomba akae, na tusione haya kumtaja. Lakini tusisahau kwamba jirani naye anasikia.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kudharauliwa. Kumpigia mgonjwa wimbo wa msiba ni uchuro, na mtu anayeugua anahitaji tumaini. Anayesema hivyo mara nyingi ndiye anayemwosha mgonjwa na kukesha naye, kwa hiyo sina haki ya kumkemea. Nitasema hili tu. Simeoni, katika Luka 2, alipomshika mtoto Yesu mikononi, aliomba ruhusa ya kwenda zake kwa amani, na hakuna aliyemwambia anajichuria. Mwombaji wa Zaburi ya 71 hamwombi Mungu amrudishie ujana. Anaomba asitupwe wakati wa uzee. Maandiko yanawaruhusu wazee kuzungumza juu ya safari yao. Sisi ndio tunaowanyamazisha kwa kuwaambia kila siku kwamba watapona, na hivyo tunawaacha peke yao na jambo wanalolijua kuliko sisi. Tumaini letu halikuwa kamwe kwamba jioni haitaingia.

Mzee wetu aliishi miezi minne zaidi. Bendi ilirudi mara kadhaa, na binti yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpigia mwalimu simu. Siku ya mazishi matarumbeta yalipiga "Kaa Nami" kama kawaida, lakini safari hii tuliimba, kwa sababu sasa sala ilikuwa yetu tuliobaki. Jirani alisimama upande wa kina baba, kofia kichwani, mikono imefumbatana.

Kwa hiyo nina ombi kwa sharika zetu za pwani. Tukimpelekea mgonjwa au mzee Chakula cha Bwana nyumbani, mchungaji aende na mpigaji mmoja. Aulizwe mzee mwenyewe, si watoto wake peke yao, kama anautaka wimbo huo. Akikataa, apigiwe mwingine. Akikubali, usifupishwe. Hatuhitaji bendi nzima. Tarumbeta moja inatosha, ipigwe kwa sauti ya chini, kwa mwendo wa kutembea. Ngoma ibaki kanisani. Na fi ipigwe fi.